Jicho la Kulia la Shangazi Aikaeli

Shangazi yangu Aikaeli ana jicho moja. La kushoto lipo mahali pake, jeupe kama ganda la yai, lakini halijafanya kazi tangu alipokuwa na miaka saba. Ukimuuliza lilipoteaje, atakwambia halikupotea. Lilitibiwa.

Na kweli lilitibiwa. Siku hiyo alikuwa anapepeta maharage na bibi yake, hapa hapa Mwika, upepo ukageuka na kapi likamwingia jichoni. Kapi moja. Machozi yangelitoa yenyewe kama mtoto angeachwa alie kwa amani. Lakini hakuachwa, kwa sababu alikuwa anapendwa. Bibi yake alimwambia asugue, akasugua. Jirani akaja akalilamba jicho. Shemeji wa jirani akaleta maziwa ya mama aliyetoka kujifungua, mwingine akaleta majani ambayo aliyatafuna kwanza yeye mwenyewe ili yalainike, na siku ya nne mzee mmoja mwenye heshima zake akafika na unyoya wa kuku. Siku ya kumi walipomshusha hospitali, daktari aliuliza ni nani aliyemhudumia mtoto huyu. Watu sita wakanyoosha mikono, kwa fahari.

"Jicho langu lilikufa," shangazi husema, "likiwa limezungukwa na ndugu."

Alipokua alipata kazi ya ufagizi katika zahanati moja ya huku juu. Kwa miaka thelathini na moja alipiga deki, akachemsha vyombo, akasikiliza. Hakuna anayeshusha sauti mbele ya mfagizi, kwa hiyo alisikia kila kitu. Alichojifunza kuhusu macho kingeenea nyuma ya bahasha. Nawa mikono. Usisugue. Mimina maji safi, mengi, kutoka upande wa pua kwenda nje, ili uchafu usihamie jicho la pili. Mtoto asiyetulia mviringishe kwenye khanga, mlaze, mmiminie taratibu huku anapepesa. Kitu kilichochoma jicho kikakwama usikichomoe. Funika bila kubonyeza, hata kwa kikombe safi cha karatasi, uende hospitali. Na ikiwa ni dawa ya kupulizia kahawa, saruji au chokaa, usitafute mtu, tafuta maji.

Alipostaafu alijinunulia jagi la plastiki la bluu. Kila asubuhi alichemsha maji, akayaacha yapoe, akayamimina kwenye ndoo yenye mfuniko iliyokaa barazani. Mwenye jicho lenye shida angekuja kuoshwa bure, saa yoyote.

Bure. Hapo ndipo alipokosea.

Sisi watu wa mlimani tuna hadhi yetu. Maji yanapita kwenye mfereji nyuma ya kila nyumba, yanagonga mabati miezi mitatu mfululizo, na ng'ombe anayanywa bila kumshukuru mtu. Utamwambiaje baba mzima, mwenye shamba la kahawa na kiti chake kanisani, kwamba dawa ya jicho lake ni kile kile anachokunywa ng'ombe? Wakampa shangazi jina la Mama Maji, na halikuwa jina la sifa.

Mchukue Aminieli, jirani wa upande wa juu. Mwaka juzi alikuwa anapogoa mibuni, vumbi la gome likamwingia jichoni. Akaja huku amelifunika kwa kiganja kama mtu aliyebeba yai.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ondoa mkono. Umesugua?"

"Kidogo tu."

"Kidogo tu ndiyo imelifanya jekundu hivyo. Inamia upande huu. Fungua. Pepesa."

Akammiminia jagi moja na nusu. Aminieli akainuka, maji yakimtiririka shingoni, akaangalia mgomba, akaangalia kanisa, akaangalia mgomba tena.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Unaona?"

"Naona. Lakini hakuna hata katone kamoja kanakowasha?"

"Unataka kawashe?"

"Nataka nijue kwamba kumefanyika kitu, Mama."

Akashukuru kwa adabu, akatoka na jicho lililopona, akaenda moja kwa moja kwa Hilaria kutibiwa.

Hilaria ni jirani wa upande wa chini. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na cha shangazi vinatenganishwa na safu ya masale, mmea wetu wa mipaka, ambao pia ndio wetu wa kuombea msamaha, ingawa katika safu ile hakuna aliyewahi kuchuma jani kwa kazi hiyo. Aliolewa hapa akitokea Rombo, ni Mkatoliki, na hutoa taka machoni kwa ulimi. Ni lazima nikiri kwamba ukimtazama akifanya kazi unaona kipaji. Anafungua kope kwa vidole viwili kabla mgonjwa hajajua kama ameguswa, anaipindua ile ya juu kama mtu anayepindua kola ya shati, halafu ncha ya ulimi inapita mara moja, imekwisha. Kisha anatema kwenye kiganja na kukuonyesha. Hapo ndipo anapomshinda shangazi. Yeye ana ushahidi. Analipwa mayai mawili, mkungu mdogo wa ndizi, mgonjwa anakwenda zake ameridhika, na jichoni mwake sasa kuna kumbukumbu ya ulimi ambao asubuhi hiyo umeonja pombe ya mbege, chumvi ya kiburu cha ndizi na maharage, na habari za kijiji kizima.

Kwa miaka ishirini na zaidi wawili hawa walijadili tiba kupitia masale.

"Hilaria, mdomo wa binadamu una wadudu kuliko choo!"

"Wa kwako labda. Wangu unabarikiwa kila Jumapili."

"Siku moja utampofusha mtu."

"Na wewe siku moja utamzamisha."

Halafu kulikuwa na tiba ya tatu, ya maziwa. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu. Halimi, hapiki, hatoki. Analetewa mtori na supu mpaka shavu ling'ae. Ni desturi nzuri sana, ila wengine humletea mtori na wengine huja na kikombe kitupu. Magreth, mke wa Aminieli, alijifungua mwezi wa kumi, na kufikia Desemba alikuwa ametia maziwa kwenye macho mengi kuliko mtoto wake alivyopiga mafunda. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Mzazi hana kazi nyingine, si yuko ndani tu?

Ndivyo mambo yalivyokuwa Desemba ilipofika, mwezi ambao ndugu zetu wa Dar es Salaam hukumbuka kwamba wana kwao.

Jackson ni mdogo wake shangazi, kitinda mimba wa nyumba yao. Kwangu ni baba mdogo, kwa hiyo nitajaribu kumwandika kwa heshima. Aliingia tarehe ishirini na gari refu jeupe, miwani nyeusi ambayo hakuivua hata mawingu yalipofunika mlima wote, na katoni nane za maji ya chupa. Maji ya huku, alisema, yanamvuruga tumbo. Maji haya haya yaliyomlea mpaka darasa la saba.

"Katoni nane, Jackson?" shangazi akamuuliza.

"Dada, siku hizi lazima mtu awe makini sana na maji."

"Kumbe," akasema shangazi. "Mimi nilidhani niko peke yangu."

Jackson alikuwa na mpango. Sikukuu angekuwa na wageni wa maana, kwa hiyo kila kitu kilichosimama kingepakwa chokaa: nyumba, makaburi ya wazee, mashina ya miti, mawe ya kando ya njia. Kama ng'ombe angekubali kusimama kwa utulivu, sidhani kama angenusurika. Akanunua chokaa mbichi ya mabonge, ile ambayo ukiitia maji inachemka yenyewe bila moto. Na kwa kuwa vumbi la safari lilikuwa limelidhalilisha gari, asubuhi ya tarehe ishirini na mbili aliliosha. Aliliosha kwa upendo, nje na ndani na chini, kwa maji ya tangi tuliyokuwa tumeyabana mpaka siku ya mgao.

Saa nne alikuwa uani, mbele ya pipa la chuma lenye chokaa. Mkono wa kulia ndoo, mkono wa kushoto simu, ili kundi la ukoo lione kijana wao hajasahau kazi za nyumbani. Shangazi alitoka jikoni na sinia la kiburu.

"Jackson! Hiyo inatiwa maji kidogo kidogo, na unasimama mb—"

Jackson alimwaga ndoo yote. Pipa likaguna, likafura, likatema. Uji mweupe wa moto ukaruka juu ya bega lake yeye, ukampata shangazi shavuni na ndani ya jicho.

La kulia. Mwenye macho mawili akiumia moja ana la akiba. Shangazi hakuwa na la akiba. La akiba liliisha akiwa na miaka saba.

Na katika ua ule mzima mtu mmoja tu alikuwa amevaa kinga ya macho, naye ni Jackson, kwa ajili ya urembo.

Sinia lilianguka. Shangazi hakupiga kelele. Alipiga magoti, akasema neno moja: "Maji."

Jackson alikimbilia bomba. Bomba likakohoa, likatoa tone moja la kutu. Gari lilikuwa linang'aa kweli kweli.

Sijui habari hufikaje haraka hivyo kwenye migomba, lakini kabla ya dakika mbili ua ulikuwa umejaa wataalamu. Mmoja alitaka asali ya nyuki wadogo. Mwingine alisema apakwe siagi, kwa sababu siagi hupoza. Aminieli alikuwa juu ya ukingo wa shamba lake anapiga kelele, "Magreth! Magreth! Njoo na kikombe!" na Magreth, ambaye hakuwa amevuka kizingiti kwa wiki tisa, akatokea amejifunika blanketi, macho yanamuuma kwa mwanga. Jackson naye alikumbuka kwamba garini kuna matone ya macho ya mke wake.

"Ni mazima kabisa, dada. Yamefunguliwa mwaka juzi tu!"

Shangazi akainua kichwa, jicho limefumbwa, chokaa inamshuka shavuni.

"Atakayenitia kitu chochote kisicho maji," akasema, "nitamlaani. Kwa Kichagga."

Hilo likaeleweka. Na Aminieli, hili namhesabia, ndiye aliyekumbuka ndoo ya barazani. Akaja nayo mbio, jagi la bluu likigonga ubavuni. Shangazi akalalia ubavu wa kulia juu ya gunia, ili maji yaanzie puani na kumwagika nje. Hakukuwa na jicho la pili la kulinda, lakini kwake kanuni ni kanuni. Aminieli akamimina.

Na hapo tukaona jambo ambalo shangazi, katika mahubiri yake yote, hakuwahi kulitilia maanani. Jicho halikufunguka. Chokaa inauma kiasi kwamba kope hujifunga zenyewe, hazimsikilizi hata mwenye jicho. Alijaribu kuzivuta kwa vidole vyake, vikateleza. Jackson akajaribu, na dada yake alipoguna mara moja tu akaachia, akarudi nyuma. Maji yakawa yanapita juu ya kope iliyofungwa kama mvua juu ya bati. Chini ya bati, chokaa inaendelea na kazi yake.

Shangazi akaacha kuhangaika na kope. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetapika:

"Hilaria yuko wapi?"

Hilaria alikuwa kwenye masale tangu mwanzo. Hakuwa ameitwa, hivyo hakuwa amevuka. Ana adabu zake. Akapita katikati ya majani, rozari shingoni.

"Umeniita, Aika?"

"Nimeita vidole vyako. Ulimi uache huko huko."

"Ulimi na vidole huwa tunatembea pamoja."

"Basi ufunge mdomo. Hii ni chokaa, itakuunguza. Ukiungua ulimi wewe, utabaki na nini?"

"Nitabaki na masikio ya kukusikia ukiomba msaada."

"Nawa mikono."

"Nimenawa."

"Nawa tena!"

Akanawa kwa jagi, akapiga magoti. Vidole viwili. Sijui alifanyaje, kope zile zilizomshinda mwenyewe zilimfungukia Hilaria kama mlango unaomjua mtu. Maji yakaingia. Shangazi akashika gunia kwa mikono yote miwili.

"Mimina, Aminieli, usilegee," Hilaria akasema. "Juu kidogo. Ngoja." Akapindua kope ya juu. "Kuna punje hapa. Nyeupe. Naiona."

"Hilaria..."

"Nimefunga mdomo! Nipeni kona ya kitambaa safi."

Akaigusa ile punje kwa kitambaa kilicholowa, ikatoka. Kwa mazoea akaiweka kiganjani na kuionyesha watu. Watu wakaguna kwa kuridhika.

"Muda gani?" akauliza.

"Nusu saa."

"Nusu saa!" Aminieli akashtuka. "Mimi ulinipa jagi moja na nusu!"

"Wewe ulikuwa na vumbi. Mimina."

"Rozari moja kwangu ni dakika ishirini," Hilaria akasema.

"Basi sali moja na nusu."

Shangazi ni mzee wa kanisa wa Kilutheri, na alikuwa ameagiza rozari kama mtu anayeagiza kitambaa cha gauni.

"Nusu rozari haipo, Aika."

"Basi sali mbili, Mrombo wewe, lakini usiachie kope!"

Hilaria akaanza. Magreth, aliyekuwa bado amesimama na kikombe chake, akakiweka chini, akamshika shangazi mkono. Ndoo iliisha kwenye fumbo la tatu kati ya matano ya rozari.

Watu wakaangalia tangi. Tangi likawaangalia. Kulikuwa na mfereji, lakini mvua ya usiku ilikuwa imeufanya mwekundu kama chai ya maziwa.

"Kama hakuna mengine, leteni hayo hayo," shangazi akasema. "Chokaa haingoji."

Aminieli, jagi tupu mkononi, aligeuza macho polepole kwenye lile gari.

"Jackson. Yale ya chupa?"

Nitasema tu kwamba Jackson alisita sekunde moja, nami kwa heshima ya ukoo sitaiandika ilivyokuwa ndefu. "Yale ni ya wage..." alianza. Kisha akamtazama dada yake, aliyempandisha mgongoni kumpeleka shule, akiwa amelala kwenye gunia na maisha yake yote ya kuona yakiwa kati ya vidole vya jirani. Akakimbia. Akarudi na katoni mbili, akarudi tena na mbili nyingine, akapiga magoti kwenye tope na viatu vyake vyeupe, akawa anafungua vifuniko kimoja baada ya kingine na kumkabidhi Aminieli chupa. Simu yake ilikuwa imeangukia ndani ya pipa. Yenyewe haikuoshwa.

Kwenye fumbo la tano shangazi akauliza, bila kugeuka:

"Jackson, unalia?"

"Hapana, dada."

"Vua miwani ulie vizuri. Machozi ndiyo maji ya kwanza."

Rozari ya pili ilianzia uani na kuendelea garini. Walimlaza kiti cha nyuma, Hilaria ameshika kope, Magreth ameachwa nyumbani na mtoto wake na kikombe chake, Aminieli anamimina, na maji yanashuka kwenye viti vya ngozi vilivyong'arishwa asubuhi ile. Jackson aliendesha bila kugeuka kuviangalia. Amina ya mwisho waliisema wakipita Himo. Kwa kuwa hospitali ilikuwa bado mbali na chupa zilikuwa bado zipo, Hilaria akaanza ya tatu bila kuagizwa.

Hospitalini daktari kijana alimtonea dawa ya ganzi, akagusisha kwenye jicho kikaratasi cha kupimia kama chokaa bado imo, akatazama rangi yake, akaosha tena kwa muda mrefu. Kisha akauliza:

"Nani amehudumia jicho hili kabla ya kuja hapa?"

Safari hii hakuna aliyenyoosha mkono. Jackson alitazama viatu. Aminieli ghafla akaona kitu cha maana dirishani. Hilaria, pengine kwa mara ya kwanza tangu aolewe Mwika, aliificha mikono yake nyuma.

"Jirani yangu," shangazi akajibu. "Kwa maji."

"Mmefanya vizuri. Mngekuja bila kuosha, hata mngekuja kwa ndege, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Lakini siwezi kuwaahidi." Akatia dawa, akafunika. "Tarehe ishirini na sita tutafungua tuone."

Kwa hiyo Krismasi shangazi aliipitisha gizani. Wageni wa maana walifika na kukuta nyumba imepakwa chokaa upande mmoja, kama mtu aliyenyolewa nusu, na wakapewa maji ya kuchemsha kutoka kwenye ndoo ya barazani, kwa kuwa ya chupa yalikuwa yamekwisha. Hakuna tumbo lililovurugika. Jackson hakuvaa miwani siku nzima. Alichukua ufagio akafagia ua, akiwa hajaombwa wala hajapigwa picha.

Hilaria alikuja asubuhi na jioni kumlisha mtori.

"Chumvi imezidi."

"Umefungwa jicho, Aika, hukufungwa shukrani."

"Shukrani ninayo. Chumvi ndiyo imezidi."

Kijiko kikagonga bakuli mara kadhaa. Nje watoto walikuwa wanapasua fataki.

"Hilaria."

"Nipo."

"Likigoma, jagi uchukue wewe."

Hilaria akachota kijiko kingine.

"Silitaki jagi lako," akasema. "Uone tena, ulichukue mwenyewe. Panua mdomo."

Tarehe ishirini na sita tulishuka tena. Daktari alibandua bandeji, akasafisha, akamwambia afungue polepole. Shangazi alifungua. Sote tulikuwa tumesimama tumemzunguka. Mwanzoni, alitusimulia baadaye, ilikuwa kama kutazama kupitia uji. Halafu dirisha likajitenga na ukuta. Halafu kitu cha duara kikamsogelea, kikapata pua, kikapata rozari.

"Umezeeka," akakiambia.

"Tangu lini?" Hilaria akauliza.

"Tangu zamani, inaonekana. Nilikuwa sijakutazama kwa karibu."

Daktari alisema kovu dogo litabaki pembeni, na kwamba matone atayatumia kwa wiki sita, yake mwenyewe, asiazime wala asiazimwe. Shangazi akamgeukia Jackson kwa jicho jekundu kama nyanya, akahakikisha amesikia.

Ungedhani baada ya hapo kijiji kizima kingenunua majagi. Kijiji kilikaa kwenye mbege, kikalitafakari tukio kwa kina, kikagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisema jicho liliponywa na rozari, na Walutheri wawili watatu walionekana kusikitika. Kundi la pili, la Aminieli, lilikuwa na hoja ya kisayansi zaidi.

"Mimi ndiye niliyemimina," alisema. "Ndoo nzima ya Mama Maji iliisha, jicho bado limevimba. Tulipoanza tu ya chupa, nikaliona linatulia. Yale maji ya Dar yana kitu."

Kwamba huenda ni maji tu, hilo hakuna aliyeliwaza. Jackson alipokuwa anaondoka alipewa maagizo na watu watano: akirudi asisahau katoni.

Shangazi alizisikia hoja zote mbili akiwa barazani. Nilitegemea angesimama awahutubie. Badala yake aliniomba niokote chupa tupu zote zilizobaki uani na garini. Akaziosha, akazisuuza kwa maji ya moto, akazipanga dirishani. Tangu hapo, kila asubuhi anachemsha maji, anayaacha yapoe, na anayamimina kwenye chupa badala ya kwenye ndoo. Ya jana anamwagia maua.

Wiki ya pili ya Januari Aminieli alikuja amefunika jicho kwa kiganja. Alikuwa anakatakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, Mama. Ya chupa bado yapo?"

"Marahaba. Yapo."

"Yale ya Dar?"

"Chupa ni za Dar."

Hilaria alikuwa ameshapita kwenye masale. Siku hizi hasubiri kuitwa. Akanawa mikono mara mbili, akafungua kope kwa vidole viwili, mdomo ameubana kama mtu aliyekatazwa kucheka kanisani. Shangazi akaikamata chupa, akaielekeza kwenye mwanga, akaitazama kwa jicho la kulia kuhakikisha ni safi. Akamimina kutoka upande wa pua kwenda nje.

Aminieli akapepesa. Akaangalia mgomba, akaangalia kanisa.

"Mnaona?" akasema. "Haya yanawasha kidogo. Haya ndiyo dawa."

Shangazi akamkabidhi Hilaria chupa.

"Funga vizuri mfuniko," akamwambia. "Nguvu zisije zikatoka."